Tone la Ziada

Kosa ninalokusudia kulianika hapa ni wema usiojua kuacha. Uchoyo, wivu na uvivu vina wahubiri wake wa kutosha kila Jumapili, wala havihitaji kalamu yangu. Ninasema juu ya ule wema unaoingia nyumbani kwa mtu, ukafagia, ukapika, ukapanga na ukasali, kisha ukatazama huku na huku kutafuta kilichobaki, na usipokiona ukaanza kuondoa vilivyokuwa mahali pake. Nimelazimika kuliandika kwa sababu mwezi uliopita nilihudhuria jubilei ya jumuiya ndogondogo ya Kasokola, na katika risala iliyosomwa kwa kipaza sauti kilichokoroma kama nguruwe nilisikia maneno haya: kwamba jumuiya ile, kwa umoja na mshikamano wake, ndiyo iliyookoa jicho la marehemu mzee Desderi, fundi cherehani. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Nilitaka kusimama nipinge, lakini nilikuwa na paja la kuku mdomoni na sahani ya pilau magotini, na mtu aliye katika hali hiyo hana hadhi ya kusahihisha historia. Kando yangu mama mkubwa Yustina, mjane wa huyo Desderi, aliniuliza tena harusi ile ilikuwa ya nani.

Ukoo wangu nitauruka. Inatosha kusema kwamba Desderi alikuwa kaka wa baba yangu, kwamba mimi nilikuwa mwalimu mpya wa biolojia katika sekondari ya kata, na kwamba mwaka ule, Mpanda ikiwa bado chini ya Rukwa, nilipewa chumba nyumbani kwake. Chumba chenyewe nilikigawana na magunia ya karanga, na panya waliokuwa na haki ya ukaazi iliyotangulia yangu. Nyumba haikuwa na dari. Kuta zilipanda mpaka usawa wa kichwa cha mtu mrefu zikaacha, na juu yake maneno ya kila chumba yalitembea kwa uhuru kamili, hivi kwamba nilijua bei ya chumvi, majina ya waliogombana kisimani, na maoni ya mama mkubwa juu ya ndoa yangu ambayo ilikuwa haijapatikana, yote nikiwa nimelala chali. Barazani ndipo palipokuwa na cherehani ya baba mkubwa, nyeusi, imebabuka maandishi ya dhahabu. Kushoto kwake ulining'inia mkasi, kulia kwake kilikaa kikopo cha vifungo, na chini ya kigoda chake palikuwa na mfuko wa vitambaa vilivyobaki. Alikuwa akiutia uzi kwenye sindano mara moja, bila kulamba wala kukodoa, na vijana waliomletea suruali za kupunguza walisimama kumtazama.

Hapo ndipo lilipoanzia fumbo lililoutikisa mtaa, kwa maana mtu huyo aliyeona tundu la sindano alikuwa ameanza kuwapita watu njiani bila kuwasalimia. Msomaji wa mjini hawezi kuupima uzito wa jambo hilo. Kwetu mtu anaweza kusamehewa deni, hata ulevi, lakini kumpita mtu mzima kama mti ni tangazo la vita. Ilisemwa kwamba fundi amepata majivuno kwa sababu mtoto wa mdogo wake amekuwa mwalimu. Ilisemwa kwamba anajifanya mgonjwa ili asichangie ujenzi. Kisha ikafika siku ambayo mwenyekiti wa jumuiya, Mama Filberta, mwanamke mpana wa mwili na wa mamlaka, alimkuta baba mkubwa njiani, akasimama pembeni, akajiandaa kupokea salamu. Baba mkubwa akampita. Hatua chache mbele akajikwaa kwa mbuzi aliyefungwa kando ya njia, akavua kofia, akamwinamia, akasema kwa adabu kubwa, "Samahani sana, mama."

Mama Filberta alifika kwetu akitweta. "Yustina!" alisema kabla hajaketi. "Mume wako ananitafutia nini? Mbuzi anaombwa radhi, mimi sisalimiwi!"

"Hakukuona, mwenyekiti."

"Hakuniona? Mimi?" Akajitazama kutoka juu hadi chini, kana kwamba anakagua ushahidi. "Na sindano anaionaje?"

Jibu nilikuwa nalo mimi, au nusu yake, na wiki ile ile nilimpeleka baba mkubwa mjini, kwa daktari wa macho aliyekuwa akija kwa zamu. Alikuwa binti mdogo mwenye sauti kavu na viatu vya raba. Alimketisha baba mkubwa, akamwambia amtazame yeye puani, kisha akanyoosha mkono pembeni na kuchezesha vidole.

"Mzee, unaona vidole vingapi?"

"Vidole gani?"

Akausogeza mkono. Akausogeza tena. Vidole vilikuwa karibu kuligusa sikio la daktari mwenyewe ndipo baba mkubwa aliposema, kwa furaha ya mtu aliyekutana na jamaa, "Aa, hivi hapa! Viwili."

Ilikuwa presha ya macho. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha kabisa, naye hakuwa amejua, kwa sababu la kushoto lilifanya kazi ya yote mawili bila kulalamika. La kushoto nalo lilikuwa limeliwa kuanzia pembezoni, limebakiwa na katikati tu, kama mtu anayechungulia dunia kupitia bomba la baiskeli. Ndani ya duara hilo aliona sindano, na nje yake hakumwona hata Mama Filberta. Kilichokwisha kupotea hakirudi, daktari alisema. Kilichobaki kingeweza kulindwa kwa dawa moja ya matone: tone moja, jicho moja, kila jioni, mpaka mwisho wa maisha yake.

"Mwanangu," baba mkubwa aliuliza, "nikiongeza na la asubuhi si itafanya upesi zaidi?"

"Hapana, mzee. Dawa hii ukiizidisha inapungua nguvu. Tone moja. Ukishaweka, fumba jicho, tulia, basi."

Tulirudi na kichupa kidogo kisichozidi kidole gumba, ambacho daktari alikuwa amekiagiza kutoka mbali, na ndani ya kichupa hicho kilikuwemo kila kitu: cherehani, kitabu cha nyimbo, uso wa mama mkubwa, njia ya kwenda chooni bila kushikwa mkono. Wote pale nyumbani tulilijua hilo. Kwa bahati mbaya jumuiya nayo ililijua.

Sharti nieleze hali ya siasa. Jumuiya ya mtaa wa juu ilikuwa imemjengea mjane mmoja choo, tena choo chenye mlango, na paroko alikisifia kanisani mbele ya watu. Tangu siku hiyo Mama Filberta hakulala vizuri. Habari kwamba katika eneo lake amepatikana mgonjwa halisi, mwenye ugonjwa wenye jina, alizipokea kama mkulima anavyopokea mvua ya kwanza. Alhamisi iliyofuata jumuiya ilisali nyumbani kwetu, na baada ya sala akasimama. "Ndugu zangu," alisema, "mgonjwa si mali ya familia. Mgonjwa ni wetu sote. Fundi alipotupita njiani tulimwazia mabaya, sasa tutamlipa kwa mema." Akapanga zamu. Baba mkubwa aliinama akashukuru. Mama mkubwa naye alishukuru, na ilibidi ashukuru, kwa sababu anayekataa kuhudumiwa na jumuiya hukumbushwa siku ya msiba wake, anapobaki na jeneza na ndugu wawili watatu wa kubeba.

Walianza kwa usafi. Walifagia baraza, wakaipiga maji, wakaipanga upya. Cherehani waliigeuza itazame nuru. Mkasi waliushusha wakautia kabatini usije ukamwangukia. Vifungo, sindano na nyuzi walivitia pamoja katika debe moja lenye mfuniko, na mfuko wa vitambaa waliuchoma moto kwa sababu ulikuwa na mende. Mtu anayeona kupitia bomba la baiskeli hatafuti vitu kwa macho, huvijua vilipo. Siku ile baba mkubwa aliketi mahali kigoda kilipokuwa jana, akapokelewa na sakafu. Asubuhi nzima alikuwa akichungulia nyumba yake mwenyewe kipande kwa kipande, kama mwizi mgeni, akiulizia mkasi. Jioni ulikuja ugali wa muhogo na samaki wa migebuka kutoka zamu ya kwanza, kisha ugali wa mahindi na maharage kutoka zamu ya pili, ambayo haikupatana na ya kwanza, kisha bakuli la viazi kutoka kwa mama mmoja ambaye hakuwa kwenye zamu ila aliguswa moyoni. Baba mkubwa alikula vyote. Nilimsikia usiku, sauti ikipita juu ya ukuta, akiguna kama mtu anayebeba tofali.

Lakini vyote hivyo vilikuwa mchezo. Jambo lenyewe nililisikia nikiwa chumbani, nikisahihisha madaftari, jioni moja baada ya nyingine, kwa sauti zilizobadilika na maneno yasiyobadilika.

"Fundi, umeshawekewa dawa?"

"Nimeshawekewa, mama."

"Na nani?"

"Na Mama Geni."

"Mama Geni? Yule mkono unamtetemeka, halikuingia lile. Inama hapa."

Na baada ya kitambo, sauti nyingine: "Mzee, wamekuwekea kweli? Mbona jicho limekauka? Hebu nikuongezee kidogo, haina madhara, ni dawa ya hospitali." Kulikuwa na aliyelipangusa jicho kwanza kwa ncha ya kanga ili tone lake likute pasafi. Nilitoka mara kadhaa nikaeleza alichosema daktari, nao walinisikiliza kwa upole mwingi, kama wanavyosikilizwa watoto wanaokariri, na nilipogeuka nikasikia, "Huyu bado hajazaa." Mwezi haukufika nusu kichupa kikalia kikavu.

Alhamisi niliomba nafasi ya kuzungumza. Nilisema kwa Kiswahili nilichokiandaa kwamba wahudumu wamezidi, na kwamba wingi wa huduma unamdhuru anayehudumiwa. Mama Filberta akasema mwalimu amesema jambo la maana sana, na papo hapo ikaundwa kamati ya kuzuia wahudumu wasizidi. Kamati ilikuwa na watu saba. Kuanzia siku iliyofuata wote saba walikuja kila jioni kuhakikisha kwamba hakuna anayekuja, na kwa kuwa walikuja kwa niaba ya jumuiya, walipikiwa chai.

Kisha ukaja mkasa wa minyaa. Uwanja wa baba mkubwa ulipakana na wa jirani yetu kwa ua wa minyaa mrefu kuliko paa, na ua huo ndio uliokuwa mkongojo wake: aliufuata kwa ncha ya fimbo kutoka barabarani hadi mlangoni. Jumamosi moja Mama Filberta aliutazama akahukumu kwamba giza la minyaa ndilo linalomharibia mzee macho. Hakuna mtoto wa Mpanda asiyejua utomvu wa mnyaa unavyolifanya jicho. Wenye akili huukata taratibu, upepo ukiwa umelala, na uso ukiwa mbali. Lakini jumuiya ilikuwa na mapanga, ilikuwa na wimbo wa pambio, na ilikuwa na habari kwamba mtaa wa juu wameanza kujenga choo cha pili.

"Mwenyekiti, na utomvu je?" aliuliza mmoja.

"Fumbeni macho."

"Tukifumba tutakata nini?"

"Basi fumbeni moja!"

Upepo ulivuma kutoka upande wa mashamba. Ubeti wa pili wa pambio haukwisha. Mara niliona watu wakiangusha mapanga, wakijishika nyuso, wakilia, wakigongana. Mmoja alimkumbatia mwenzake akidhani ni mlango. "Maziwa ya mama!" wakapiga kelele, "atafutwe mama anayenyonyesha!" Na mama pekee aliyenyonyesha mtaani alikuwa katikati yao, naye akiwa haoni. Aliyewaokoa na hayo alikuwa jirani wa upande wa pili wa ua, Mama Hadija, Mwislamu, muuza dagaa wa Ikola, mwanamke ambaye kuku wake na ulimi wake viliogopwa sawasawa. Alitokea na ndoo ya maji, akaanza kuwamwagia nyusoni kopo kwa kopo. "Osheni! Msisugue! Nani kawatuma? Ua wangu pia huu! Inua kichwa wewe, unalilia nini, ulipokuwa unaimba hukulia!"

Lori la tumbaku lilitubeba sote mpaka mjini, na kwa bahati daktari alikuwa katika zamu yake. Kutoka lango la hospitali hadi chumba cha macho ni mwendo wa kona nyingi, na katika kundi lile, ukiniondoa mimi niliyekuwa mkiani nikiokota waliopotea, alikuwepo mtu mmoja tu aliyeijua njia na aliyeweza kufumbua jicho. Kwa hiyo watu waliokuwa kwenye foleni siku ile walishuhudia baba mkubwa Desderi akitangulia na fimbo yake, nyuma yake Mama Filberta ameshika shati lake, nyuma yake jumuiya nzima kila mmoja ameshika kanga ya aliye mbele, na baba mkubwa akitangaza kwa sauti ya kondakta wa treni, "Ngazi! Ngazi nyingine! Bakini kulia, kuna ndoo!" Nimesoma vitabu vingi tangu wakati huo, vingine vikubwa, wala sijakutana na sura ya kejeli iliyokamilika kuliko ile.

Daktari aliwaosha tena macho kwa muda mrefu, akawatia dawa, akawafunga bandeji, akawaambia watapona. Ndipo alipompima baba mkubwa, kwa mazoea tu, na nikaona uso wake ukibadilika. Presha ilikuwa imepanda. Akauliza kichupa kiko wapi. Nikamwambia kimekwisha. Akauliza kimekwishaje. Benchi lote lenye bandeji likainamisha vichwa.

"Nani alikuwa anamwekea?"

"Sote," alisema Mama Filberta, bado kwa fahari kidogo.

Daktari alivuta kiti akaketi mbele yao. Nadhani hajawahi kupata hadhira iliyotulia vile, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuondoka. Aliwaambia kwamba pale nyuma ya jicho, panapopokea mwanga, ni kipande cha ubongo kilichotoka nje kuja kuchungulia. Ndani ya kipande hicho, kama ndani ya ubongo wenyewe, wanaishi wahudumu wadogo sana, chembe za kinga, wataalamu wanaziita mikroglia. Zina mikono myembamba mingi, na mchana kutwa zinapapasa mishipa ya fahamu, huu mzima, huu mgonjwa, zinazoa taka, zinameza mdudu akiingia, zinakata viungo visivyotumika, yaani vile vifundo vinavyounganisha mshipa na mshipa. Mtu akiwa na afya huwezi hata kujua kama zipo. Lakini mishipa ikibanwa na presha ikaanza kulia, zinashtuka. Zinakunja mikono, zinavimba, zinakusanyika pale penye kilio, na zinamwaga sumu zilizokusudiwa adui. Adui hayupo. Basi sumu inaunguza waliopo, nao wakiungua wanalia zaidi, na chembe nyingine zinasikia kilio zinakuja kusaidia.

"Na zile zinazokata?" niliuliza.

"Zinaendelea kukata. Zinakata hata viungo ambavyo bado vinafanya kazi."

"Ni mashetani hayo," ilisema bandeji mojawapo.

"Si mashetani, mama. Ni wema wale wale. Hawajui kuacha."

"Wafukuzwe!" alisema Mama Filberta.

"Ukiwafukuza nyumba itaoza. Nani atazoa taka?"

"Basi waombewe."

"Ombeni," daktari alisema, "ila kimyakimya, na kwenu." Kisha akasema, kwa uaminifu ambao namheshimu kwa ajili yake mpaka leo, kwamba wataalamu bado wanabishana kama chembe hizo ndizo zinazoanzisha uharibifu au zinauongeza tu, na kwamba yeye hana dawa ya kuzifundisha kiasi. Anachoweza ni kuondoa kinachozichokoza, yaani kushusha presha. Akatoa kichupa kimoja, cha mwisho alichokuwa nacho mpaka zamu ijayo. "Kikimwagika hiki," alimwambia baba mkubwa, "hilo duara lililobaki nalo litakwenda, na sina pa kukupatia jingine."

Nimesoma mengi juu ya jambo hilo tangu wakati ule, zaidi ya mahitaji ya mtaala. Nimejifunza kwamba ukataji huo unatulea: mtoto huzaliwa na viungo vingi mno katika ubongo wake, na chembe hizo hupunguzia, kama tunavyopunguzia mahindi yakichipua manne katika shimo moja, ili yanayobaki yanenepe. Mkono unaong'oa mche wa tatu na wa nne ni mkono wa mkulima bora. Mkono huo huo ukirudi shambani mahindi yameshabeba, ukaendelea, hapo pana njaa. Nimejifunza pia kwamba katika maradhi ya usahaulifu ya uzeeni chembe hizi zinatajwa na kushukiwa vile vile, na mwezi uliopita, nilipomwona mama mkubwa Yustina akitabasamu kwa maharusi wasiokuwepo, nilifikiria mikono midogo isiyoonekana ikifagia, ikifagia, ikitupa nje na jina langu. Siwezi kuichukia. Ndiyo iliyomfanya awe mwerevu alipokuwa msichana. Ila nakiri kwamba mhubiri wa maadili ndani yangu, ambaye hajawahi kunyamaza kwa jambo lolote, angependa sana kuihutubia.

Turudi Kasokola. Tulifika na kichupa Jumatatu, bandeji zikiwa zimeshafunguliwa, na jioni ile ile zamu ikabisha hodi, macho mekundu, sufuria mkononi. Hapakuwa na aliyekuwa mbaya. Ndilo lililokuwa tatizo. Mama mkubwa alisimama na kichupa kifuani, machozi yakimlengalenga, hawezi kukataa na hawezi kukubali. Ndipo Mama Hadija alipopita katika pengo la ua uliokatwa, akifukuza kuku wake ambaye tangu Jumamosi alihesabu uwanja wetu kuwa wake. Alitazama sufuria, akatazama kichupa.

"Ndiyo hiyo dawa yenyewe? Lete."

Mama mkubwa, nadhani kwa uchovu tu, akampa. Mama Hadija akakitia katika kopo la bati alilowekea dagaa, akalifunga, akalitia kwapani. "Nitakuja nayo nikishaswali magharibi. Tone moja, nitasimama nione, naondoka nayo. Anayetaka kuongeza atanikuta kwangu."

Kesho yake alihamishia meza yake ya dagaa katika lile pengo, kwa maelezo kwamba kuku wanapotea. Na kwa kuwa pengo lilikuwa pana na lango letu lilikuwa kando yake, hakuna aliyeingia kwetu bila kupita mbele ya macho yake. Nilizoea kurudi shuleni nikasikia vita kabla sijaona uwanja.

"Mnakwenda wapi nyie?"

"Kumwona mgonjwa."

"Anaonekana kutokea hapo. Yule pale, anashona. Mmemwona? Haya, rudini."

"Tumemletea ugali."

"Ameshakula. Uacheni hapa, mimi sijala."

Alhamisi jumuiya ilikuja yote, ikiimba, na Mama Filberta mbele. Mama Hadija hakuinuka. Alingoja wimbo uishe, akapuliza inzi kwenye dagaa.

"Mama Hadija," alisema mwenyekiti kwa upole wa kutisha, "wewe dini hii inakuhusu nini?"

"Dini hainihusu. Jicho linanihusu. Huyu ndiye ananishonea, na mwingine mtaa huu hakuna, wote wezi wa vitambaa."

"Sisi tuna huruma naye."

"Ndiyo. Mimi sina. Mimi nimechoka na makelele." Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Hebu niambie ukweli, Mama Filberta. Mnataka mzee aone, au mnataka muonekane?"

Nilitegemea radi. Lakini Mama Filberta, ambaye macho yake yalikuwa bado yakichuruzika, alifungua fundo la kanga yake akatoa sarafu. Alinunua fungu la dagaa, nadhani ili asionekane amekuja bure, akawaongoza watu wake kusali katika nyumba nyingine. Jumuiya haikumsamehe Mama Hadija kwa urahisi. Walisema ana moyo wa jiwe, na sijui kama walikosea. Hakumwuliza baba mkubwa hata siku moja kama amelala vizuri. Kila jioni alikuja na kopo, akasimama mlangoni mikono kiunoni, mama mkubwa akadondosha tone, baba mkubwa akafumba, na yeye akaondoka bila kwaheri. Jicho la baba mkubwa lilinuka dagaa msimu mzima. Mkasi ulirudi ulipokuwa ukining'inia, kigoda kikarudi mahali pake, na barazani nikaanza tena kuisikia cherehani.

Daktari aliporejea kwa zamu yake tulikwenda sote: baba mkubwa, mama mkubwa, mimi, na Mama Filberta na wazee wawili waliosema jumuiya haiwezi kukosa uwakilishi. Alimpima kwa muda mrefu uliotufanya tusikie saa ya ukutani. Akachezesha vidole, akavisogeza, akavisogeza. Kisha akatuambia presha imeshuka, na duara liko vile vile alivyoliacha, halikupungua hata ukucha. Mama mkubwa aliketi chini sakafuni. Mimi nilitazama dirishani, kwa kuwa mwalimu hatakiwi kuonekana akilia.

"Hii ni kazi nzuri," daktari alisema, akiinua kalamu. "Nani anasimamia dawa za mzee? Nataka nimjue, niwe ninamwachia yeye."

Mama Filberta alijiweka sawa kanga, akakohoa kidogo kusafisha koo, na wazee wawili wakasimama wima nyuma yake. Lakini baba mkubwa alikuwa ameshanyoosha kidole kuielekea karatasi, ambayo aliiona vizuri sana, kwa kuwa ilikuwa katikati.

"Ni jirani yangu wa dagaa," alisema. "Andika, mwanangu: Mwanaidi binti Salumu."